Chumba cha Mama, Chini Kabisa

Jumatatu saa mbili asubuhi, fundi wa kuzuia maji alisimama kwenye ngazi ya sita kati ya ngazi saba zinazoshuka chini ya ile nyumba, kwa sababu ngazi ya saba ilikuwa ndani ya maji. Alichutama, akachovya futikamba yake, akaitoa na kuisoma. Maji yalifika inchi kumi na moja. Juu yake ilielea kandambili moja ya bluu, ikizunguka polepole.

Fundi huyu alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mfupi, mwenye mabega ya kubeba mifuko ya simenti, na watu walimwita Kausha. Wateja wapya walikuwa na kawaida ya kumfungulia mlango, kuchungulia nyuma yake, na kumuuliza fundi mwenyewe yuko wapi. Naye alikuwa na kawaida ya kujibu kwamba anakuja. Kisha aliingia na kuanza kazi, na ikifika saa sita mchana wenyewe walikuwa wameshaelewa.

Aliyemwita safari hii alikuwa mwana wa kwanza wa nyumba hiyo, mtu mpole, aliyesimama ngazi ya pili ili asiloweshe viatu. Alieleza shida yake kwa utaratibu. Mama yao anakaa hapo juu, kwenye ghorofa ya barabarani. Mdogo wao wa mwisho anaoa, na Jumamosi ya wiki ijayo anamleta mke wake, nao watakaa hapo anapokaa Mama. Kwa hiyo Mama atashuka huku chini ya ardhi. Kama chumba hakitakuwa kimekauka siku hiyo, itabidi apelekwe kwa mtoto wa dada yake, mwendo wa siku nzima kwa basi.

"Tungependa abaki," alisema. "Ni nyumba yake, ameizoea."

"Yake kabisa?"

"Aliijenga yeye. Baba alifariki msingi ukiwa umechimbwa tu, yeye akamalizia ghorofa zote tatu kwa kushona sare za shule."

"Na ghorofa ya juu anakaa nani?"

"Alikuwa anakaa yeye. Nilipooa mimi, tukamshusha ya katikati kwa sababu ya magoti yake. Dada alipoolewa, shemeji hakuwa na pa kukaa, tukamshusha tena. Magoti hayohayo."

"Na sasa?"

Mwana wa kwanza alizitazama zile ngazi saba. "Kushuka hakuumizi sana," alisema. "Kinachoumiza ni kupanda."

Miaka ishirini ya kazi ilikuwa imemfundisha kwamba ukiingia chini ya nyumba ya mtu unaona mengi, na fundi anayesema yote anayoyaona hapigiwi simu mara ya pili. Kazi yake ilikuwa maji, ya watu aliwaachia watu. Aliwasha pampu.

Lakini alikuwa na sharti moja, naye hakuwahi kulilegeza kwa mteja yeyote, tajiri wala kabwela. Atakayekaa kwenye chumba lazima alete kiti chake tangu siku ya kwanza na akalie humo wakati kazi inaendelea. Kausha alisema kwamba ukuta ukikaushwa bila mtu ndani unakauka kwa muda tu, kwa sababu maji hayajui yanampisha nani. Wateja wengi walikaa dakika tano kumridhisha, wakatazama saa, wakaondoka. Yeye alizihesabu hizo tano kuwa zinatosha.

Mama alishuka Jumanne, pampu ilipokuwa imenyonya maji yote na kubaki tope. Alikuja na kiti cha mbao, cherehani ya mkono, na kifurushi cha nguo za kukata. Alishuka ngazi saba kama msichana.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Fundi mwenyewe yuko wapi?"

"Anakuja."

Mama alimtazama kuanzia viatu mpaka kilemba, akacheka mpaka akashika ukuta. "Na mimi walikuwa wanauliza hivyohivyo kwenye msingi wa nyumba hii," alisema. Akaweka kiti katikati, miguu juu ya tofali, akaanza kushona. Hakukaa dakika tano. Alikaa mpaka saa kumi na moja jioni, na kesho yake akarudi.

Chumba siku hiyo kilikuwa na futi kumi na sita kwa kumi na mbili, na urefu wa kwenda juu futi saba. Kausha alikwangua rangi ya zamani na chumvi iliyochanua ukutani, akafungua nyufa kwa tindo na nyundo, akazijaza kwa simenti inayoganda haraka. Kwenye kona iliyo chini kuliko zote aliacha bomba dogo wazi ili maji yaliyo nyuma ya ukuta yapate pa kutokea wakati kuta zinakauka. Tundu hilo huzibwa mwisho wa kazi. Maji yaliyotoka bombani yalikuwa na povu, na yalinukia sabuni.

Kausha alipanda ghorofa hadi ghorofa kutazama mabafu. Mabomba ya maji machafu yalikuwa yanavuja kwenye ghorofa zote tatu. Mwana wa kwanza alisema uvujaji huo ni wa kwa dada yake. Dada mtu alisema ni wa kwa mdogo wao, ambaye alikuwa anapaka rangi chumba cha Mama kabla Mama hajatoka. Kitinda mimba naye alisema ni wa kwa kaka, kwa sababu maji yanashuka, hayapandi. Wote watatu waliongea kwa heshima, na wote walimkaribisha chai.

Alhamisi alipiga mkono wa kwanza wa dawa ya kuzuia maji, kuta zote nne, kwa brashi pana. Mama alishona na kumsimulia habari za wakuu wa shule waliowahi kukataa sare kwa sababu ya vifungo. Kausha alipomaliza ukuta wa mwisho, aligundua kwamba ule wa kwanza ulikuwa na sehemu ambayo haijaguswa, upana wa futi mbili. Akaupaka. Akageuka, na ukuta wa pili nao ulikuwa hivyohivyo. Alipima. Chumba sasa kilikuwa futi kumi na nane kwa kumi na nne.

"Mama, umeona ukuta ukisogea?"

"Nimeona," Mama alisema, huku akikata uzi kwa meno. "Umerudi nyuma vizuri tu, haukunigusa."

Kausha aliandika vipimo vipya kwenye daftari lake na kufuta vya zamani. Kilichomsumbua ni dawa. Alikuwa amenunua ndoo nne, na hesabu ya ndoo nne ilikuwa ya chumba cha asubuhi.

Kwenye duka la vifaa vya ujenzi, mwenye duka, mzee aliyefunga miwani yake kwa waya, hata hakuinua kichwa.

"Jana ulisema nne zinatosha."

"Chumba kimeongezeka."

"Anakaa nani?"

"Mjane. Amelea watatu."

"Basi beba tisa kabisa, usinisumbue kila siku. Mjane wa watoto watatu hapungui ndoo tisa. Kausha, na umri wako wote huo bado unapima kuta? Uliza kwanza anakaa nani, ndipo upime."

Alibeba tisa. Kufikia Jumamosi ya wiki hiyohiyo chumba kilikuwa kimefika futi sitini kwa hamsini. Bado alitaka kujua nafasi inatoka wapi, kwa sababu fundi mzuri hapaki asichokielewa. Akaizunguka nyumba kwa nje. Ilikuwa ileile, futi ishirini upande wa barabara, haijanenepa wala kukonda. Kwa hesabu, ukuta wa mbele wa chumba cha Mama ungekuwa umefika chini ya kibanda cha kinyozi aliye ng'ambo ya barabara. Kausha alivuka akamuuliza kinyozi kama amehisi chochote sakafuni.

"Imekuwa na joto kidogo tangu juzi," kinyozi alisema. "Wateja wanavua viatu. Kama ni wewe, ahsante."

Mkono wa pili ulimchukua siku tatu badala ya moja. Kila alipomaliza ukuta, mwingine ulikuwa umekwenda mbele, naye alifuatana nao bila kukasirika, kama mtu anayemlisha mtoto anayetembea huku na huku. Dari nalo lilijivuta juu mpaka futi kumi na nne. Aliligonga kwa mpini wa nyundo, likajibu kwa sauti nzito ya kitu kizima, hivyo hakuona sababu ya kuweka nguzo. Siku ya tatu ukawepo pia mwanga. Haukuwa na dirisha wala taa. Ulikuwa mwanga wa saa nne asubuhi, ule wa kuanikia nguo, na ulibaki hivyo hivyo mpaka jioni. Kausha alizima taa yake ya waya ili asimalize umeme wa watu.

Mjukuu wa miaka saba, binti wa yule wa katikati, alishusha baiskeli yake, na Mama akamfundisha kuiendesha kutoka ukuta hadi ukuta, yeye akikimbia nyuma ameshika kiti cha baiskeli. Walikimbia hivyo mizunguko tisa. Majirani walianza kushuka na nguo zao mbichi, maana zilikauka chini kwa saa moja. Fundi viatu wa pembeni aliomba apafanyie mazoezi ya tarumbeta, kwa sababu kwake walimkataza. Mama aliwapokea wote kwa jina, akawatengea viti, akashona huku akiongea. Alikuwa na sauti ambayo Kausha hakuwahi kuisikia kwenye ghorofa za juu, kubwa, ya mtu aliye kwake.

"Nina furaha mpaka naona haya," alimwambia Kausha mchana mmoja. "Mtu mzima mimi, nacheka peke yangu nikiwa nashona."

Kausha naye alikuwa na furaha. Hakuwahi kufanya kazi nzuri kama ile maishani mwake, na alijua. Lakini kila alipofurahi, hasira ilikuja papo hapo, na ikawa hawezi kumeza moja bila nyingine.

"Mama, kwa nini hukukataa?"

Mama aliacha kuzungusha cherehani.

"Walipokuwa wadogo, nilirudi sokoni na chungwa moja," alisema. "Watoto watatu, chungwa moja. Nikawafundisha kugawana. Mmoja anakata, wa pili anachagua kwanza, wa tatu anashuhudia. Kila kitu tuligawa hivyo, mkate, sabuni, blanketi. Hawakugombana hata siku moja. Wakiniuliza mimi mbona sili, nasema sipendi chungwa. Nilisema hivyo miaka kumi na nne, mwanangu. Waniamini vipi leo nikisema napenda?"

Alianza tena kuzungusha. "Wamegawa nyumba mara tatu, sawa kwa sawa. Mimi mwenyewe ndiye niliyewafundisha hesabu hiyo."

Ijumaa ya wiki ya pili, kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini, Kausha alivunja kanuni yake. Aliwaita wale watatu kwenye ngazi, akawaambia maji yote yaliyokuwa kule chini yametoka kwao, na kwamba mwanamke aliyeijenga hii nyumba ameshushwa ngazi baada ya ngazi kama ndoo ya kisima, na sasa hakuna tena pa kumshusha. Alisema kwa sauti ya juu. Dawa ilidondoka kutoka kwenye brashi hadi kwenye kiatu chake.

Walimsikiliza mpaka mwisho. Mwana wa kwanza alisema ni kweli kabisa. Dada mtu alisema yeye huwa analifikiria sana jambo hilo, hasa jioni. Kitinda mimba alisema ameguswa. Walimshukuru kwa ujasiri wake, wakasema mafundi wa siku hizi hawajali, kisha kila mmoja akarudi kwenye ghorofa yake. Hakuna bomba lililotengenezwa.

Usiku huo alibandika karatasi za nailoni kwenye kuta kwa utepe, kama anavyofanya siku zote ili kujua unyevu unatoka wapi. Jumamosi asubuhi zote zilikuwa kavu, ndani na nje. Akaziba lile tundu la mwisho. Nyuma ya ukuta maji yalisikika yakisimama kidogo, kama watu walioambiwa mlango umefungwa, kisha yakageuka yakaenda zake kwenye mfereji. Mama aliyaaga kwa mkono.

Arusi ilikuwa imepangwa kufanyikia ghorofa ya barabarani, lakini ukoo wa bi arusi ulikuja na mabasi mawili. Watu walijaa chumbani, wakajaa mlangoni, wakajaa kwenye ngazi, na mwishowe wakashuka. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kulikuwa na nafasi ya mabasi yote mawili na wengine zaidi. Fundi viatu alipiga tarumbeta, kinyozi akacheza bila viatu, na bi arusi, aliyekuwa ametokwa na jasho la woga tangu asubuhi, alipofika chini alivuta pumzi mpaka gauni likalegea. Alimuuliza mumewe kwa nini hawakai huku. Mama alicheza na kila aliyemwomba, na wasiomwomba aliwafuata mwenyewe. Kausha, aliyekuja na nguo zake za kazi ili kuchukua ngazi na ndoo tu, alishikwa mkono akawekwa katikati, na Mama akawatangazia wote kwamba huyu ndiye fundi mwenyewe. Walimpigia makofi muda mrefu. Alilia, na hakujificha.

Kausha alirudi Jumatano kutazama kama dawa imeshika. Alikuta watoto wote watatu chini, pamoja na futikamba, uzi na chaki. Mke wa mwana wa kwanza alikuwa anapimia mapazia mahali ambapo hapakuwa na dirisha. Ghorofa za juu, walimweleza, zimekuwa finyu sana siku hizi, mtu huwezi kunyoosha mkono.

"Na Mama?" Kausha aliuliza.

"Tunafikiria kifua chake," mwana wa kwanza alisema. "Huku kuna hewa nyingi mno kwa mtu wa umri wake. Anahitaji mahali palipojificha kidogo."

"Arudi juu, basi. Hamtakuwepo tena."

"Juu tutaweka vitu."

Walikuwa wanagawa sakafu mara tatu. Kitinda mimba alichora mistari, dada akapewa nafasi ya kuchagua kwanza, na mkubwa akashuhudia. Kosa la nusu inchi lilipoonekana walilifuta na kuanza upya, na yule aliyekuwa amezidishiwa ndiye aliyelisema. Mama alikuwa amekaa pembeni na kitambaa mapajani, akiwatazama. Uso wake ulikuwa umejaa fahari ya kweli, na hilo ndilo lililomuuma Kausha kuliko yote.

"Waone wanavyopima," Mama alimnong'oneza. "Hawajawahi kudhulumiana."

Mstari mmoja ulifika alipokaa. Kitinda mimba aliomba radhi, Mama akainua miguu, chaki ikapita. Mama aliutazama ule mstari, kisha akaitazama sakafu yenyewe, kama mnunuzi anayekitazama kiwanja.

"Kausha, chini ya hapa kuna nini?"

"Udongo, Mama. Futi nne, tano. Kisha maji."

"Maji tumezoeana."

Kausha alielewa. Angeweza kukataa, lakini hapo Mama angepelekwa kwa yule mtoto wa dada yake, mwendo wa siku nzima kwa basi. Alipanda kuchukua tindo, nyundo kubwa na beleshi, akarudi, akapiga goti kwenye kipande cha sakafu ambacho mistari yote mitatu ilikuwa imekikwepa, mahali padogo pa kutosha mtu mmoja asiponyoosha miguu.

"Nichore ukubwa gani?"

"Kidogo tu," Mama alisema, naye tayari alikuwa amekunja mikono ya gauni lake. "Tukishaingia kitakua."

Kausha aliweka tindo juu ya sakafu aliyoikausha kwa mikono yake mwenyewe, akapiga. Sakafu ilipasuka kirahisi, na kutoka chini ilipanda harufu ya udongo mbichi, nzuri, ambayo Mama aliivuta puani mara mbili. Alichukua beleshi akaanza kuondoa vifusi, huku akiimba wimbo wa kupangia vifungo. Waliposimama kupumzika, mwana wa kwanza, ambaye hakuwahi kukosa adabu, aliwaletea maji baridi kwenye sinia. Alisubiri wanywe wote wawili mpaka wamalize. Kisha akamuuliza mama yake, kwa sauti ya chini ili asimuudhi, kama vumbi lingekuwa jingi, maana mapazia yalikuwa mapya.